Korongo Aliyeachwa Nje ya Hesabu

Korongo wakipita wakilia juu ya stendi ya Makutano, mimi husimama katikati ya kelele za makanga wa matatu nikainua uso. Midomo huanza kuhesabu yenyewe.

Nilikuwa darasa la sita, shule moja pale Kaaga. Kila jioni korongo wenye vishungi vya dhahabu walirudi kulala kwenye mikaratusi nyuma ya jiko la shule, na Mwalimu Mutwiri alitupanga wawili wawili kuwahesabu. Kila mtu alihesabu peke yake. Wawili wasipolingana, majina yao hayaandikwi ubaoni. Mimi, niliyefuta kila herufi iliyopinda mpaka karatasi ikatoboka, nilipangwa na Kendi.

Hatukulingana hata siku moja. Kila jioni Kendi alipungukiwa na korongo mmoja, mmoja tu. Kosa la bahati mbaya huyumbayumba, niliwaza, hili limepangwa. Anataka jina langu lisionekane. Wenzetu, walioniita Karani, nao hawakutuacha: "Karani, yule mmoja mmempika na githeri?"

Jioni moja niliacha ndege nikatazama midomo yake. Ilihesabu vizuri mpaka mwisho, kisha mkono ukaandika pungufu.

"Mwongo wewe! Mbona unamficha mmoja?"

"Simfichi. Namwacha."

"Umwache kwa nini?"

Aliteremsha sauti, kana kwamba korongo wangesikia. "Nyanya hakubali mbuzi wahesabiwe wakaisha. Hata sisi wajukuu hataki tuhesabiwe. Ukimaliza kuhesabu vyenye uhai, umeviitia kifo."

"Huo ni ushamba, Kendi."

"Haya. Wamalize wewe."

Nilicheka, lakini usingizi ulinipaa. Kesho yake nilipomfikia korongo wa mwisho, ulimi ulikataa. Nikamwacha. Angalau leo tutalingana, nikajiambia.

Mwalimu alisoma karatasi zetu, akatikisa kichwa. "Nyinyi wawili, bado?" Safari hii mimi ndiye niliyepungukiwa. Kendi alikuwa amewaandika wote.

Nilijua nimechezewa. Kumbe hadithi ya nyanya ilikuwa mtego! Sikumsemesha tena muhula mzima. Hata nilipomwona asubuhi iliyofuata chini ya mikaratusi, sketi imelowa umande, akipekua nyasi polepole kwa fimbo, nilijificha penye pembe ya jiko nimchunguze. Anatafuta manyoya ya kumpelekea mwalimu, niliwaza, asifiwe peke yake.

Nimechelewa sana kuelewa. Kendi aliwamaliza kuwahesabu ili jina langu liandikwe ubaoni, na asubuhi ile alikuwa akitafuta korongo aliyekufa kwa hesabu yake.