Gari Lililozimwa kwa Heshima

Ukitaka kumjua Johnstone, anza na gari lake. Ni Toyota ya zamani, ya gia za mkono, na rangi yake ilikuwa nyeupe kabla chumvi ya bahari ya Gazi haijaitafuna. Alilinunua mwaka ule wa korona, hoteli aliyokuwa akipikia kule Diani ilipofunga milango. Wenzake walifungasha virago wakarudi makwao bara. Yeye, mtu wa Vihiga, alisema harudi kokote, akapanga chumba uani kwa Bi Asiya hapa Gazi, akaanza kubeba watu. Alfajiri aliwapeleka wafanyakazi wa hotelini, mchana akina mama wenye samaki wao, na mgonjwa alibebwa saa yoyote aliyougua.

Ni mtu mwema, na sisi tunaoishi naye hatuhitaji kuapishwa kulisema hilo. Lakini ni mbishi. Na ubishi wake wote aliumalizia kwenye betri.

Ile betri ilianza kulegea msimu wa joto. Joto la huku kwetu huipika betri polepole, ikaonekana nzima kwa nje na ndani imekwisha. Asubuhi Johnstone akizungusha ufunguo, stata ilivuta kwa uvivu, na taa zilififia kabla injini haijashika. Honi nayo ikapata mafua. Kwenye vichwa vya betri ukaota unga mweupe, akawa anaumwagia maji ya moto na kuusugua kwa mswaki wa zamani, kisha anarudi ndani kifua mbele kama daktari aliyefaulu.

Kalama, fundi wa pale njia panda, alifunua boneti akatazama mara moja tu. Akamwonyesha ubavu wa betri ulivyovimba. Akamwambia inataka kubadilishwa, na mapema. Johnstone akamjibu kwamba kitu kinachofanya kazi hakitupwi.

"Betri haifi ghafla," Kalama akamwambia. "Hii inakuaga kila asubuhi, nawe unaiitikia tu."

"Basi siku itakapokufa nitaizika mwenyewe," Johnstone akasema, na watu wote waliokuwa pale gereji wakacheka.

Kusema kweli, sisi majirani ndio tulioulea ubishi huo. Johnstone alikuwa akiegesha gari kwenye mwinuko mdogo kando ya minazi ya Bi Asiya, pua ikielekea njiani. Asubuhi likikataa kuwaka, tulikuwepo. Aendaye shamba aliweka jembe chini, atokaye msikitini alikunja kanzu, tukalisukuma huku tukimtania kwamba gari lake linakula wali wa watu wengi kuliko harusi. Gari likashuka, akaachia klachi, likakohoa na kuwaka. Likishawaka halizimwi mpaka jioni. Kwa hiyo betri ilikuwa imekufa, ila mauti yake yalifichwa na mabega yetu, na hakuna aliyeona hatari yoyote katika jambo lililotuchekesha kila siku.

Sasa nieleze jambo la pili, maana bila hilo hili la betri halitoshi.

Huku kwetu jeneza likipita, mwenye gari husimama kando, huzima injini, hushuka na kutulia mpaka watu wapite. Mwaka wake wa kwanza Johnstone hakulijua hilo. Alipita kando ya maziko muziki ukilia garini, na jioni Bi Asiya akamwita barazani. Hakumfokea. Alimpa kahawa, akamweleza taratibu kwamba maiti ni mgeni wa mwisho wa kijiji, naye hupishwa. Johnstone aliona haya hadi masikio. Tangu siku hiyo alilishika lile somo kuliko sisi tuliozaliwa nalo. Akiliona jeneza hata kwa mbali, mkono ulikwenda kwenye ufunguo wenyewe, bila kumwuliza mwenye mkono. Wazee walimsifu. Walisema huyu Mkristo wa bara ana adabu kuwazidi vijana wetu.

Muhsina, binti wa Bi Asiya, alikuwa na mimba ya kwanza. Mumewe Ubeid hufanya kazi kwenye boti za watalii upande wa Wasini, haji ila mwisho wa wiki. Ilikuwa imekubaliwa tangu mwanzo kwamba uchungu ukimshika, Johnstone ndiye atakayempeleka hospitali Msambweni. Alilichukulia jambo hilo kama kiapo. Alinunua mto mpya wa kiti cha nyuma. Mto alinunua, betri hakununua, na hilo ndilo linalonitia hasira mpaka leo.

Uchungu ulimshika baada ya sala ya alasiri, na ulikuja kwa kasi. Mkunga wa jirani alimpima kwa mikono, uso ukamkunjamana, akasema wasikawie hapo. Gari lilikuwa limerudi punde tu kutoka Ukunda na injini bado inanguruma. Bi Asiya akaingia nyuma na bintiye, kichwa cha Muhsina mapajani pake, na Johnstone akaondoka. Mpaka hapo hakukuwa na tatizo lolote. Kama angefika lami, angekuwa Msambweni kabla chai haijapoa.

Lakini siku hiyo kulikuwa na msiba upande wa pili wa kijiji, na watu walikuwa wameshasali wanakwenda makaburini. Kwenye ile njia ya mchanga itokayo kijijini, baada ya kona, Johnstone akakutana nao uso kwa uso. Jeneza limebebwa juu, watu wanabadilishana mabega, shahada inasikika. Bi Asiya alikuwa ameinama akimfuta binti yake jasho, hakuona kitu. Na ule mkono wenye adabu ukafanya ulichozoea kufanya. Ukazima gari.

Johnstone alijua alichokifanya kabla kimya hakijatua. Alizungusha ufunguo. Likasikika tiki moja, basi. Akazungusha tena, hata tiki haikuja.

Mzee Alfani, aliyekuwa mbele ya jeneza, alichungulia dirishani akamwona Muhsina. Alishika kichwa.

"Mgonjwa hupita, mwanangu," akasema. "Hata maiti humpisha mgonjwa. Nani alikwambia uzime?"

Hilo kila mtoto wa hapa analijua, na kwa sababu kila mtoto analijua, hakuna aliyewahi kumwambia Johnstone.

Jeneza haliwekwi chini njiani, kwa hiyo waliolibeba waliendelea nalo, na sisi tuliokuwa nyuma tukarudi kwenye gari. Tulilisukuma. Lakini pale si kwa Bi Asiya penye mteremko. Pale ni mchanga mtupu, na magurudumu yalizama. Tulisukuma mbele likakataa, tukalirudisha nyuma penye ardhi ngumu, tukasukuma tena. Hatukutaniana. Kilichosikika ni pumzi zetu, mchanga ukisagika chini ya magurudumu, na ndani ya gari Muhsina akimwita mama yake. Wengine waliotangulia na jeneza, walipokwisha kupokezana, walirudi mbio kuongeza mikono. Hatimaye, jua likiwa limeshalala upande, gari likakohoa, likashika. Johnstone akaondoka bila kufunga mlango wake.

Hospitalini walimpokea Muhsina kwa haraka na kufanya kila walichoweza. Muhsina akapona. Mtoto, wa kiume, alizaliwa kimya na akabaki kimya. Muuguzi mmoja aliwaambia kwamba mtoto alikuwa amechoka tumboni, na kwamba hakuna ajuaye kama kuwahi kungebadilisha kitu. Alisema hivyo kwa huruma. Johnstone alilichukua neno hilo akalala nalo, na halijampa usingizi mpaka sasa.

Maana hakuna aliyemlaumu. Ubeid alikuja, akamshika mkono, akasema ni kazi ya Mungu. Wazee walisema vivyo hivyo. Nadhani Johnstone angeona nafuu kama mtu angempiga kofi. Alikwenda kwa Bi Asiya barazani, palepale alipopewa kahawa mwaka ule wa kwanza, akapiga magoti, akasema atahama. Bi Asiya alimwinua.

"Ni mimi niliyekufundisha kuzima," akamwambia. "Sikukufundisha ni wakati gani usizime. Ukihama wewe, na mimi nihamie wapi?"

Akabaki. Betri mpya aliinunua kwa Kalama siku ya pili tu, na Kalama akaifunga palepale. Ile kuukuu Johnstone hakuizika. Kalama aliichukua akaisukuma kwa mguu mpaka ukutani, kwenye nyingine zilizovimba.

Baada ya hapo gari likawa linawaka kwa mguso mmoja. Lakini Johnstone hakuthubutu kuliwasha uani. Dirisha la Muhsina linatazama mwinuko ule, na Johnstone alijiambia kwamba si haki mama yule asikie kila alfajiri gari likiwaka vizuri hivyo, sasa, baada ya yote. Kwa hiyo alilisukuma mwenyewe. Aliweka bega mlangoni, mkono mmoja usukani, akalisukuma polepole chini ya mwinuko hadi njiani, mbali na nyumba, ndipo awashe. Tulimwona tukamwacha. Tulidhani ni heshima, na hata tulimsifu kwa hilo, kama tulivyozoea.

Muhsina alivumilia mpaka asubuhi moja alipotoka na leso yake kichwani, miguu mitupu, akasimama mbele ya gari. Johnstone akaacha kusukuma. Aliinamisha macho, akamwomba radhi kama amemwamsha.

"Kaka Johnstone," Muhsina akasema, "likiwaka sisikii vibaya. Ni huku kulisukuma. Mchanga unavyosagika, na pumzi zako. Kila asubuhi nakuwa nimelala tena kwenye kile kiti cha nyuma."

Johnstone alisimama pale, bega bado limeegemea gari.

"Liwashe," Muhsina akamwambia. "Liwashe hapahapa, nisikie."

Akaingia, akazungusha ufunguo, na gari likawaka mara moja. Muhsina alisogea kando akampisha, kisha akabaki amesimama penye minazi, uso umelowa, mpaka mngurumo ulipofika lami.