Nilipomsimamisha Kapteni Nyuma ya Mwezi

Miaka ile ya utawala wa jeshi, wengi walipoikimbia Kampala, mimi nilirudi. Kijana wa mtaa wa Kyebando, niliyejisomesha kwa jasho langu, natoka Ulaya na diploma ya fizikia! Shuleni ukuu wa idara ya sayansi ulikuwa wazi, na kapteni aliyepewa kusimamia shule yetu akaja kunipima.

Nikaamua kumwonyesha mahali ambapo mvuto wa dunia na wa mwezi hulingana. Hesabu ilinipa majibu mawili: moja kati ya dunia na mwezi, jingine nyuma ya mwezi. Nikachagua la pili papo hapo, maana mwenye diploma hasiti. Wanafunzi wanene wakawa dunia, mwembamba mmoja akawa mwezi. Nikamfunga kapteni kamba mbili kiunoni, moja ya dunia na moja ya mwezi, nikamsimamisha uwanjani nilipochora kwa chaki.

"Afande, hapa hutatikisika hata kidogo," nikatangaza. "Vuteni!"

Kamba zote mbili zikamvuta upande mmoja, akaanguka kifudifudi juu ya mwezi.

 Kapteni akainua uso uliojaa vumbi.

"Wewe mwalimu ya Ulaya! Dunia iko kule, mwezi pia iko kule. Sasa huku nyuma yangu, nani alikuwa ananivuta?"