Goti la Mama Mkwe

Naona aibu kuisema hii, lakini Musoma ni ndogo na waliokuwepo kanisani wameshaisimulia vibaya, bora niisimulie mwenyewe.

Kazi yangu ni fiziotherapia, nanyoosha viungo vya watu. Sasa mama mkwe akaja kutoka Suguti, goti limevimba, akafikia kwangu, na mke wangu akasema mtazame mama. Nimtazame vipi? Kwetu mtu hamgusi mama mkwe wake, hata mkono tunapeanaga kwa mbali (maana yake hatupeani), sembuse kumkunja goti, na mwenzangu wa kike kazini alikuwa likizo. Nikaona njia rahisi. Nikachukua dawa za maumivu, diklofenaki, zilizobaki siku nilipoumia mgongo, nikampa mke wangu ampelekee, ameze asubuhi na jioni baada ya chakula. Najua kabisa kwamba kwanza unamuuliza mtu anatumia dawa gani nyingine na kama ana vidonda vya tumbo, wagonjwa wangu wote nawauliza, lakini tumbo la mama mkwe nalo ni la kuulizia?

Jumapili, mahubiri yamekolea, mama mkwe akasimama. Tukadhani ameguswa na neno (mchungaji naye alidhani hivyo, akaongeza sauti), kumbe ni kizunguzungu, akatapika kitu cheusi kama kahawa, akaanguka. Niliogopa kweli, maana ile ni damu, na nilijua imetoka wapi. Nikamnyanyua mikononi, nikatoka naye katikati ya kanisa kama bibi harusi, wajomba wa mke wangu nyuma yetu, na yeye ananiambia taratibu, "Niteremshe, mkwe, watu wanaona."

Hospitali daktari akamuuliza anameza nini. Akafungua fundo la kanga: pakiti ya duka la dawa la kwao, na pakiti yangu. Rangi tofauti, dawa ileile. Na vidonda vya tumbo anavyo siku nyingi.

"Hizi nyingine alikupa nani?"

Wajomba wakageuka wote.

"Mimi," nikasema.

"Unafanya kazi gani?"

"Fiziotherapia."

"Na hukumuuliza anameza nini?"

"Ni mama mkwe wangu."

"Sijauliza undugu wenu," akasema, akaendelea kuandika.

Mungu mkubwa, mama akapona. Mimi nikaapa, dawa zangu zilizobaki sigawi tena, na swali lile siliruki kwa mtu yeyote, awe shangazi, awe askofu. Siku ya kuruhusiwa akaniita, wajomba wamekaa pale pale.

"Mkwe, umenibeba kanisa zima likaona. Sasa hili goti unaliogopeaga nini? Lishike."

Nikalishika, uso nimegeuzia ukutani, lakini kwanza nilimuuliza, mbele yao wote, leo amemeza nini.

"Uji," akasema.