Santuri Mpya ya Bendi ya Zamani

Idi moja, miaka ya vijiji vya ujamaa, baba alirudi Kwedizinga kutoka Manundu na santuri mpya ya nyimbo za sikukuu. Ilikuwa ya bendi iliyowachezesha yeye na mama usiku wa Uhuru, kabla sijazaliwa.

“Wazee wale bado wanaimba?” mama aliuliza huku akikanda unga wa maandazi.

Baba alizungusha mpini wa gramafoni, akaweka sindano. Mwimbaji aliimba kwa sauti nzito, bila haraka, na saksafoni ikamfuata kwa upole. Mama aliacha kukanda.

“Loo, wamezidi kuwa watamu! Rudisha mwanzo, baba watoto.”

Wakacheza palepale uani, viganja vya mama vikiacha unga mgongoni kwa baba. Hadi siku hiyo sikujua kwamba wazazi wangu ni wachezaji hodari.