Pole ya Bibi

Leo tulipokuwa tukirekodi filamu ya majaribio chuoni, harufu ya petroli ya jenereta ilinirudisha utotoni, kwenye banda la video tulikolipia kutazama filamu, Ruangwa. Mchana mmoja bibi yangu alikuja kunitafuta akitokea shambani, kanga imejaa vumbi la ufuta. Kwenye runinga mama mmoja alikuwa akilia. Bibi akamwambia, "Pole, mwanangu." Banda zima likaangua kicheko.

"Bibi wa nani huyu?" mwenye banda akauliza.

"Simjui," nikasema, nikicheka nao.

Bibi alinitazama, akatoka. Jioni alinipakulia ugali kama kawaida, akauliza, "Yule mama alifiwa na nani?"

Sikujua. Kule bandani, filamu yote iliyobaki nilikuwa nimeinamisha uso, nikiogopa wenzangu wasije wakaona nilivyofanana na bibi.