Siku Nilipogeuka Lifti Uthiru

Tangazo la nyumba haliwezi kunidanganya mimi. Andika hapo.

Unaweza kunidanganya kwa mapenzi. Unaweza kunidanganya kwa nyama ya mbuzi mzee. Lakini tangazo la Kiingereza? Hilo nalisoma vile daktari anasoma eksirei.

Sasa vuta kiti nikwambie vile niligeuka lifti mchana kweupe, mbele ya watu, nikiwa nimevaa raba nyeupe.

Naitwa Wambua. Kazi yangu ni maneno.

Pale Moi Avenue nina beste anaitwa Naeem, kijana wa Mombasa. Anauza kava za simu, na pembeni ni ejenti wa nyumba. Yeye ana nyumba, mimi nina Kiingereza. Watu wanakuja na vitu vyao vya kuuza na kukodisha, wananieleza kwa Kiswahili, na mimi hapo kando ya kaunta naviandikia tangazo. Naingiza kitu kikiwa na malapa, kinatoka na suti.

Siri ni moja tu, na leo nakupa bure.

Usikimbilie kuweka sifa mbele ya kitu. Weka kitu kwanza, kisimame peke yake kama bwana harusi. Halafu mwite kielezi. Halafu ndio useme kitu kimefanywa nini.

"A painted house" ni nyumba imepakwa rangi, basi. Hata choo cha soko kimepakwa rangi. Lakini "a house freshly painted"? Hapo msomaji anaanza kusikia harufu ya rangi kwa pua.

"A used sofa" ni sofa watu wamelalia na viatu. Lakini "a sofa gently used by one owner" ni sofa ya mjane mpole anayesali sana.

Kitu ni kile kile. Kazi yote anafanya huyo kielezi wa katikati.

Naeem alikuwa ananiuliza kila mara kama sitaki kwanza kwenda kuziona hizo nyumba. Nikamwambia fundi wa majeneza hahitaji kujuana na marehemu. Apewe vipimo tu.

Sasa ikafika zamu yetu.

Mama yetu alikuja kutoka Makueni kufanyiwa operesheni ya goti, Upper Hill. Sista yangu Kaluki, yule wa mapokezi kwa kliniki ya meno Hurlingham, alikuwa anaishi Kangemi, juu kabisa, kwa ngazi za kuchosha hata paka. Daktari akamwambia wazi kwamba mama akitoka hospitali asipandishwe ngazi. Akianguka na goti jipya, ni kurudi kwa kisu.

Kaluki akatafuta keja ya chini, nyumba isiyo na ngazi, mpaka akachoka. Zote zimejaa, au ni maduka. Mwishowe akaniletea tangazo kwa simu. Uthiru, ghorofa ya nne, lakini sikia:

"A spacious one-bedroom tastefully finished, in a building quietly tucked away from Waiyaki Way, with a lift recently installed for the comfort of all."

Nikasoma. Nikasoma tena. Nikavua kofia.

Nikamwambia Kaluki kwamba aliyeandika hii ameenda shule, na shule ikampokea. Mwongo angeandika tu kwamba kuna lifti. Huyu ametulia, ameiweka lifti mbele, halafu akakueleza kwa upole kwamba imewekwa juzijuzi. Huyo ni mtu wa kweli. Keja chukua.

Kaluki hakuwa na shida na Kiingereza. Shida yake ilikuwa goti. Akaniomba kitu kimoja: Jumamosi yeye yuko kazini, kwa hivyo niende Uthiru nikaione hiyo lifti kwa macho, niipande, nishuke, halafu nimpigie.

Jumamosi ndiyo siku jirani yangu Shem alinunua playstation.

Jioni nikampigia Kaluki, nikamwambia nimeenda. Akauliza lifti iko aje. Nikasema inapanda kama mvuke, na ina kioo kizuri, hata nimejiangalia nikachana nywele.

Usinihukumu. Sikuona kama nadanganya. Niliona nimefupisha safari tu, maana tangazo lilikuwa limeshaniambia kila kitu.

Siku ya kuhama, Kaluki akarudisha funguo za Kangemi, na mtu mwingine akaingia hapo hapo. Vitu vikapanda pikapu, vikatangulia. Sisi tukamchukua mama hospitali na teksi, na magongo yake mawili, mpaka Uthiru.

Jengo zuri, sitaki uongo. Mlinzi akafungua geti, akasema vitu vimeshapandishwa juu, na keateka, msimamizi wa jengo, ametoka kidogo kununua maziwa, tuingie tu. Nikamshika mama mkono. Tukaenda polepole hadi kwa lifti.

Lifti ilikuwa mlango wa plaiwudi umefungwa na waya.

Kaluki akaufungua. Ndani kulikuwa na tundu linaenda juu mpaka mbinguni. Chini, kwenye boksi, kulikuwa na kuku anaatamia. Akatuangalia kama sisi ndio tumekosea mlango.

"Wambua," Kaluki akasema polepole, "hizo nywele ulichania wapi?"

Nikasema wameitoa. Lifti siku hizi zinapelekwa gereji kama gari, ulikuwa hujui? Kuku naye akaguna.

Nikaona afadhali hasira zipelekwe kwingine. Nikaanza kumshukia mwandishi wa tangazo. Nikasema watu kama hao ndio wanaumiza watu wa Nairobi, mtu anakaa mahali kwa kivuli, anaweka lifti kwa jengo hajawahi kukanyaga, na mama wa watu anateseka. Nikasema siku nitamshika huyo jamaa atanitambua. Majirani waliotoka kuangalia wakaitikia kwa vichwa. Nilikuwa moto.

Lakini mama alikuwa amekaa juu ya mtungi wa maji, na uso wake ulikuwa umeanza kubadilika. Dawa ya maumivu ilikuwa inaisha. Hakulalamika, na hiyo ndiyo ilinimaliza. Kangemi hakuna kurudi. Juu ndiko kuna kitanda.

Nikainama mbele yake.

"Mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba chetu, "panda."

"Utaniangusha."

"Mama yangu nimwangushe? Simu yenyewe sijawahi kuangusha."

Akapanda. Kaluki akawa nyuma yetu, ameushika ule mguu wa operesheni kama mtu anabeba kioo cha dirisha.

Ghorofa ya kwanza nilikuwa mtoto mwema. Ya pili nilikuwa punda. Ya tatu nikaanza kuona mababu, na walikuwa wananipungia mkono. Watu wamejaa kwa milango. Shosho mmoja mwenye mvi akasema vijana kama huyu waliisha zamani, huyu ni wa kuhifadhiwa.

Tukafika ya nne. Kabla sijamshusha, mama akaniwekea mkono kichwani. Akaniombea kwa sauti ya chini, kwamba Mungu anipe watoto watakaonibeba hivi nikizeeka. Machozi yakanijia. Kwa hiyo dakika nilisahau kabisa kwamba kuna uongo wowote umewahi kusemwa duniani.

Hapo ndipo keateka akatokea kwa ngazi na funguo na paketi ya maziwa, anahema.

Mzee wa kofia ya njano, jina lake Kiilu.

Ile kofia niliijua. Niliijua kabla sijakumbuka nimeiona wapi. Halafu ikaja yote kwa mpigo: kaunta ya Naeem, miezi kadhaa nyuma, huyu mzee amesimama hapo anakunywa soda, na Naeem ananieleza jengo fulani. Naeem alinieleza vizuri, kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka, kwamba lifti bado, kuna tundu tu, mwenyewe akijaliwa ataiweka.

Nikamjibu kwamba "ataiweka" haiwezi kukodisha nyumba. Waachie wenye Kiingereza.

Nikageuza uso nikatazama ukuta. Lakini na mama mgongoni utajificha wapi.

Kiilu akamwamkia mama, akampa pole ya ngazi. Kaluki hakutaka pole. Akamuuliza lifti imepelekwa wapi, na ndugu yake aliipanda juzi Jumamosi.

Mzee akacheka kidogo. Akasema hapo hapajawahi kuwa na lifti tangu msingi uchimbwe. Na Jumamosi yeye alishinda kwa geti mchana kutwa, hakuna kijana alikuja kuona nyumba. Halafu akanisogelea, akainama, akanichungulia chini ya mkono wa mama.

"Kumbe ni mwalimu wa Naeem."

Nikasema shikamoo.

"Huyu kwa hili jengo hajawahi kufika, msichana wangu," akamwambia Kaluki. "Lakini lifti ni yeye aliiweka. Nilikuwa hapo akiiweka."

Kaluki akatoa simu. Akalisoma lile tangazo lote kwa sauti, neno baada ya neno, macho yake kwangu. Alipofika kwa "the comfort of all", jasho langu lilikuwa linadondoka kwa raba.

Nikasikia tu ule mkono wa mama uliokuwa kichwani kwangu unaondoka.

"Wambua."

"Mwaitu."

"Nirudishe chini."

"Chini wapi, na tumeshafika?"

"Pale kwa kuku. Tuanze tena. Mara ya kwanza nilidhani nimebebwa na mtu mwingine."

Tulishuka. Tukapanda.

Na mpaka leo, kila siku ambayo mama ana kliniki, Kiilu anasimama chini ya ngazi anaita, "Lifti."

Naitika.

Funzo? Kielezi ni kitamu, lakini hakina magoti. Kabla hujakiandika, nenda ukaone, kwa sababu kuna siku msomaji atakuwa mama yako.

Na kama unataka mfano wa kuweka kwa daftari, huu hapa: "a mother carefully carried upstairs by her own son." Hiyo nimeikagua mwenyewe, ngazi kwa ngazi.