Alituacha

Kila Jumamosi kuanzia saa tisa mchana nakaa kwenye baraza ya ofisi ya parokia na daftari la nia za misa. Kazi hii nilipewa nilipostaafu ualimu, na padri alitoa sababu moja tu: mwandiko wangu unasomeka. Aliyenitangulia alikuwa katekista mzee ambaye maandishi yake yalimfanya padri, Jumapili moja, aombee pumziko la milele la kwaya nzima, nayo kwaya ikiwa imesimama mbele yake. Siku ile nilicheka kuliko wote.

Daftari langu lina pande mbili, na mstari wa katikati nauchora kwa rula. Kushoto ni wazima: wagonjwa, wasafiri, wanafunzi wenye mitihani, watu wanaoshukuru. Kulia ni wafu. Mtu anakuja, anasema shida yake, nami naiandika upande wake kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa sababu watu wa Kisangani wana mambo mengi mazuri lakini Kiswahili chao kinaniumiza masikio. Mimi ni mtu wa Kindu. Nililetwa hapa nikiwa bibi arusi, na mpaka leo siwezi kusikia "batoto" badala ya "watoto" bila kutaka kushika chaki. Vijana wa kwaya wakiniona nakaribia huhamia Lingala.

Jumapili tuna misa tatu. Ya kwanza, saa kumi na mbili asubuhi, ni ya Kiswahili. Ya pili ni ya Lingala. Ya tatu ni ya Kifaransa, na hiyo ndiyo ya viatu vipya. Jumatano saa kumi na nusu tuna shirika, yaani sala ya majirani. Shirika letu ni nyumba za mitaa mitatu nyuma ya soko, na tunazunguka nyumba hadi nyumba. Mwenye zamu anafagia uwanja na kutoa viti alivyo navyo, wengine wanakuja na vigoda vyao. Tunasoma Injili ya Jumapili inayokuja, anayetaka kusema anasema, tunaombeana, halafu yanakuja matangazo, ambayo ni marefu kuliko sala. Alhamisi zamu ya kufagia kanisa. Ndiyo juma letu, na mtu akiniuliza imani yangu ikoje, sina la kumwonyesha zaidi ya hilo.

Lakini jambo tunalolijua kuliko yote ni matanga. Mtu wa shirika akifiwa, sisi hatungoji kuitwa. Kila mwanamke anajifunga leso, huyu anabeba kuni, yule sufuria, yule mikeka, mwingine fungu la sombe, yaani majani ya muhogo, na kabla jua halijapanda tumeshafika, tunalia na kupika. Miaka michache iliyopita shirika la jirani lilitutangulia kufika kwenye msiba wetu wenyewe. Aibu ile bado inazungumzwa. Tangu hapo tumekuwa watu wa mbio.

Mama wa mikate aliingia katika shirika letu mwanzoni mwa mwaka jana. Yeye na mume wake walikuwa wakijenga kidogo kidogo kwenye kiwanja kilicho njia panda, na nyumba ilikuwa imefika kwenye mabati. Asubuhi alikaanga mikate mbele ya mlango, ile ya mviringo ya kula na chai, na watoto wake watatu waliiuza kabla ya shule. Kwenye sala alikaa na kigoda chake karibu na njia. Mume sikuwahi kumwona. Wenzangu walijua kwamba alikwenda Bafwasende kuchimba dhahabu, mimi sikujua, maana sikuuliza. Nilijiona si mtu wa umbea.

Jumamosi moja alikuja barazani, mikono yake ina unga bado.

"Mama mwalimu, naomba misa ju ya papa ya batoto. Alituacha."

"Pole sana, mama."

"Asante."

"Tangu lini?"

"Iko sasa miezi munane. Batoto banamuulizaka kila siku."

"Mungu atawapa nguvu."

"Amina, mama mwalimu."

Akataja jina la huyo baba wa watoto, nikaliandika, akaenda zake ameridhika. Nami niliridhika. Sisi watu wa shule hatusemi fulani amekufa, tunasema ametuacha, ametutoka. Kwa Kifaransa wanasema hivyohivyo, na matangazo ya vifo ya redio ya mjini kwetu ndivyo yanavyoanza. Nilimsifu moyoni mwangu kwamba, pamoja na "batoto" zake, kumbe tafsida anaijua. Nikaandika jina la mume wake upande wa kulia, kwa herufi nzuri, na pembeni nikaongeza: kwa pumziko la roho yake.

Kesho yake padri alilisoma kwenye misa ya kwanza. Niliona vichwa vya wanawake vikigeuka, huyu anamtazama yule. Mwenyewe hakuwepo. Jumapili alikuwa anakaanga kwanza, halafu anakuja kwenye misa ya Lingala. Tulipotoka nje, mama kiongozi wa shirika alikuwa ameshaanza kugawa kazi.

"Bafwasende tena! Ile mashimo inamaliza bapapa yetu. Kuni nani? Sufuria kubwa nani?"

Hakuna aliyeuliza habari imefikaje. Padri amesoma, padri hasomi mtu mzima kati ya wafu. Saa mbili kamili tulikuwa njiani, na mimi nikiwa mbele, leso kiunoni, rozari mkononi.

Tulimkuta ameinama kwenye kikaango. Kwetu mwanamke wa kwanza huanza kulia hatua chache kabla ya kufika, ili mwenye msiba ajue, na kiongozi wetu ana sauti. Mama wa mikate akainua kichwa. Aliona kuni, akaona mikeka, na hakuhitaji kuambiwa. Donge la unga lilimtoka mkononi likaanguka ndani ya mafuta.

"Nani?" akasema. "Nani?"

"Papa ya batoto," mmoja wetu akamjibu, akamkumbatia.

Akakaa chini. Sauti aliyoitoa sitaki kuiandika. Watoto walitoka ndani wakiwa na nguo za kanisani, wakasimama mlangoni, na yule mkubwa, msichana, akaondoa kikaango motoni kabla hakijawaka, kazi ambayo sisi watu wazima wote tulikuwa tumeisahau. Majirani walitoa viti. Mikeka ikatandikwa, kuni zikashushwa ukutani, nami nikaanzisha rozari. Niliongoza vizuri, lazima niseme.

Tulikuwa kwenye fumbo la nne la rozari wakati shemeji yake, ndugu wa mume, alipofika na pikipiki. Mtu alikuwa amemwita. Alilia kwa dakika chache, vizuri tu, halafu akaanza kuizunguka nyumba akitazama mabati. Mwanamke yeyote wa shirika letu anajua maana ya macho yale. Mume akifa, ndugu zake wanakuja kuchukua kiwanja, na mjane anatoka na sufuria zake. Nilipaza sauti ya Salamu Maria nikimtazama yeye, labda aone haya. Hakuona.

Na mama wa mikate pia alimwona. Akaacha kulia ghafla, akajifuta uso kwa leso.

"Nani alileta habari?" aliuliza.

Tukatazamana.

"Tulisikia ku misa," alisema kiongozi.

"Ku misa, nani alisema?"

"Padri alisoma."

"Padri alipashwa na nani?"

Hapo macho yote yakaja kwangu, na rozari ikanikaa mkononi bila kwenda mbele wala nyuma. Nikamwambia kwa upole kwamba ni yeye mwenyewe aliyeniambia jana.

"Miye? Nilikuambia nini?"

"Ulisema alituacha."

Hata shemeji alisimama.

"Alituacha!" akasema mama wa mikate. "Alituacha hapa, akaenda Bafwasende kutafuta! Donc, basi, mutu akienda kutafuta amekufa? Mama mwalimu, ni wewe njo ulimuua?"

Mtu mmoja alianza kucheka, nadhani kwa hofu, kisha mwingine, na mama wa mikate mwenyewe akacheka huku machozi yanamtoka, kisha hakucheka tena. Alisimama akatufukuza. Alitufukuza kwa mwiko, mmoja mmoja, na mikeka yetu. Shemeji aliondoka wa mwisho, na katika watu wote waliokuwepo, ndiye aliyesikitika kweli. Kuni zilibaki, kwa sababu kwetu kuni za matanga hazirudi nyumbani zilikotoka. Zilibaki ukutani pake, na kwa majuma yote yaliyofuata alinunua nyingine, hakuzigusa.

Nilikwenda kwa padri siku hiyohiyo. Nilitarajia atanifariji. Alivua miwani, akaniuliza kama nakumbuka nilivyocheka habari ya kwaya, kisha akasema Jumapili nitasahihisha kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimesahihisha watoto wa watu kwa miaka zaidi ya thelathini. Sijawahi kusimama mbele ya watu wangu nikasema nimekosea neno la Kiswahili. Juma lile halikuisha. Jumatano shirika lilikuwa nyumbani kwangu, na matangazo yalikuwa mafupi ajabu.

Jumapili mama wa mikate alikuja misa ya kwanza. Hakukaanga. Alikaa benchi la mbele na watoto wake watatu, kitambaa kipya kichwani, akanitazama nikipanda kwenye mimbari. Nilisema kwamba yule tuliyemwombea pumziko la milele yu hai, yuko safarini, na kwamba kosa ni la mwandishi, si la familia. Kutoka kwenye kwaya kijana mmoja akaitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Niliona aibu, na chini ya aibu nilikuwa na hasira kidogo na Kingwana chote, hicho Kiswahili cha mji huu, halafu nikaona aibu ya hasira ile.

Tangu hapo mama huyo alikuja kila Jumamosi. Alivuta kiti, akaweka kidole kwenye upande wa kushoto wa daftari langu.

"Andika hapa: iko safari. Ni muzima. Usome."

Nilisoma. "Yuko safarini, ni mzima."

"Tena."

Nilisoma tena. Hakuniita mwalimu tena, aliniita mama tu. Nilianza kumngojea. Nilipokuwa nasikia padri akitaja jina la mume wake kati ya wasafiri, nami nilimwombea kweli, kwa ubinafsi mtupu: kama yule mwanaume angerudi na mfuko wake begani, kosa langu lingekuwa hadithi ya kuchekesha tu, na mke wake angekaa na nyumba yake na mume wake ndani. Nilimwomba Mungu hivyo kwa maneno yaleyale, bila tafsida.

Lakini kilio chetu kilikuwa kimeshapanda pikipiki. Vijana wanaobeba bidhaa kwenda Bafwasende walikuwa wamepita njia panda asubuhi ile wakaona mikeka, na habari waliyofika nayo machimboni ni kwamba Kisangani wanamlilia fulani, mke wake yuko chini kwenye mkeka wa matanga. Masahihisho yangu hayakupanda pikipiki yoyote.

Haya nilisimuliwa na mama wa mikate mwenyewe, Jumamosi ya mwisho kabla ya Majilio. Alikuja bila unga mikononi. Hakuvuta kiti, alibaki amesimama.

"Mama, andika tena neno yangu ya kwanza."

"Neno gani?"

"Alituacha."

Nikaiweka kalamu chini. Safari hii niliuliza yote ambayo sikuuliza mwanzoni.

"Amekufa?"

"Hapana. Dereva wa moto, ile pikipiki ya Bafwasende, alimuona na macho. Ananenepa."

"Bado yuko safarini?"

"Hapana. Iko kwake." Akatazama uwanja wa kanisa, ambako wanawake wa zamu walikuwa wanamwagia maji maua. "Iko na nyumba kule, na bibi mupya, na mutoto muchanga. Bawakwe ya kule balisikia kilio yetu, bakamuuliza: huyu mwanamuke anakulilia kule Kisangani ni nani? Njo akakubali. Alituma salamu. Alisema nisimungoje."

Nilimshika mkono, naye akauacha mkononi mwangu kwa muda, kama mtu anayekushikia kitu mpaka upate nafasi ya kukipokea. Nilimwambia anisamehe, akasema hakuna cha kusamehe, bila mimi angengoja mpaka azeeke. Nikamuuliza habari ya shemeji. Alisema shemeji hana la kusema tena, ndugu yake ni mzima, na mtu mzima harithiwi.

Kisha akagonga daftari kwa kidole.

"Andika basi."

"Nimweke wapi?"

"Ku bazima. Ni baba ya batoto, na Mungu amulinde."

"Na wewe? Nikuandikie nini wewe?"

Alifikiri.

"Miye hapana kitu. Matanga yake tulishafanya."

Niliandika jina la mume wake kushoto, nikamsomea mara mbili, akaitikia kwa kichwa akaenda. Jumatatu asubuhi nilipita njia panda kununua mikate. Alikuwa ameinama kwenye kikaango, na zile kuni zetu zilikuwa zinawaka chini yake.